Warefu mliokaa dawati la nyuma na ubao hamuuoni: tupeane uzoefu

MrefuWaWete:
Assalamu alaykum ndugu zangu. Nina miaka 24, futi sita na inchi mbili, mwembamba kama mwiko. Miwani nimevaa mwaka juzi tu, nikiwa mwaka wa pili chuo kikuu.

Tangu skuli ya msingi nilikaa dawati la mwisho, maana mrefu anawaziba wenziwe. Ubaoni nilikuwa naona chaki imetapakaa, herufi sizioni. Nikawa nanakili kwa jirani yangu. Mwalimu mmoja akaniita mvivu mbele ya darasa zima, akanicharaza kwa kunakili. Sikujua kama wenzangu wanaona, nilidhani wote tunabahatisha.

Msimu wa karafuu ndio ulionitia aibu zaidi. Mimi mrefu, basi naambiwa niangalie mti upi umepevuka. Nikiwa chini ya mti mashada siyaoni, mpaka nipande. Ami yangu akasema mwili umenikua haraka, macho yakabaki nyuma. Daktari wa macho alipoandika -3.50 kwenye karatasi, nikamuuliza kama ni urefu. Alitabasamu tu, kulikuwa na foleni.

Wengine mmepitia haya? Warefu, wafupi, wanene, waliosoma na walioacha, semeni.

BintiMkoani:
Wa alaykum salaam kaka. Mie mfupi, dawati la mbele miaka yote, na miwani nimevaa kidato cha pili. Asubuhi skuli, mchana chuoni na msahafu, jioni tuisheni, usiku daftari. Ndugu zangu wawili waliacha skuli mapema wakaenda kuvua na baba. Ngalawa ikiwa bado nukta, wanakwambia ni ya nani. Mama mmoja, baba mmoja, chakula sufuria moja. Kwetu sisi urefu haumo, kilichotutenga ni kitabu.

FundiMiwaniUnguja:
Nafanya kazi ya kupima macho, ngoja nieleze kidogo.

Jicho la mtu mzima lina urefu wa karibu milimita 24 kutoka mbele hadi nyuma. Likirefuka kupita kiasi, taswira inaangukia kabla ya kufika kwenye retina, yaani ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, na vya mbali vinakuwa ukungu. Milimita moja tu ya ziada ni karibu diopta (kipimo cha nguvu ya miwani) mbili na nusu hadi tatu, yaani ndiyo hiyo namba ya MrefuWaWete karibu yote.

Sasa ami yake hakukosea moja kwa moja. Watu warefu kweli huwa na macho marefu zaidi. Lakini konea yao, kile kioo cha mbele ya jicho, nayo huwa bapa zaidi, kwa hiyo jicho linajisawazisha na mrefu anaona vizuri tu kama mfupi. Elimu ndiyo yenye uzito. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2018, uliotumia vinasaba vya watu wengi sana, ulionyesha kila mwaka wa masomo unasogeza macho kwa takriban diopta 0.27 upande wa kutoona mbali. Mtoto anayesoma anakosa pia mwanga wa nje, na mwanga huo ndio unaozuia jicho lisirefuke. Taiwan tangu 2010 skuli zinawatoa watoto nje saa mbili kwa siku.

Msiwatoe watoto skuli jamani! Watoeni nje mchana, na wapimwe mapema. Urefu unamdhuru mtoto kwa njia nyengine: unampeleka nyuma ya darasa, na huko hakuna anayegundua.

KijanaWaBububu:
Mimi ni mnene, kilo 104, miaka 27. Macho yangu yalikuwa wiki hii yanaona, wiki ijayo hayaoni. Nilinunua miwani, baada ya mwezi ikanikataa, nikamlaumu fundi. Fundi wa pili akakataa kunipima, akaniambia nenda kapime sukari kwanza. Ilikuwa juu sana. Kumbe sukari ikipanda lenzi ya ndani ya jicho inavimba, na namba inabadilika nayo. Nilisubiri sukari itulie ndipo nikapimwa upya. Wenye miili kama yangu, namba ikihamahama msikimbilie miwani.

MwanaMicheweni:
Langu fupi, na sijapata kumwambia mtu. Kila mwezi 29 Ramadhani tunapanda mlimani kutazama mwezi. Wenzangu wanaelekeza vidole, "ule pale, juu ya mnazi". Nami nasema nimeuona. Miaka mitatu nimesema hivyo na sikuwahi kuona kitu. Sasa nina miwani, na mwaka huu niliuona kweli. Nililia.

MrefuWaWete:
Mwenyezi Mungu akulipe kwa kusema, MwanaMicheweni. Na FundiMiwani, ahsante sana, umenitoa kitu moyoni.

Nina mdogo wangu, yuko kidato cha kwanza, kashanifika mabegani. Dawati la mwisho. Nimekwenda kuzungumza na mwalimu wake, amekubali kumhamishia mbele, pembeni kwa ukuta, asimzibe mtu. Juzi tumesimama Chake tunangoja gari ya kurudi nyumbani. Nikamwambia nisomee namba ya ile inayokuja. Akakunja uso, akasema 606, twende. Ilikuwa 603, ya Mkoani.

Jumatatu nampeleka kupimwa.