Fidia ya wavuvi wa Lamu: pesa mkononi au boti?

Mkaazi wa Mkomani:
Asalaam aleikum jamani. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua wavuvi wa Lamu wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa hasara ya ujenzi wa bandari. Tangu hapo barazani hakuishi mabishano: wapewe taslimu au vifaa? Mimi nasema taslimu.

Kule Siaya, magharibi mwa Kenya, watafiti wa uchumi, Edward Miguel akiwa mmoja wao, walifuatilia familia 10,500 hivi zilizopewa kama dola 1,000 kila moja, katika utafiti uliogusa vijiji 653. Kila dola iliyoingia ilikuza uchumi wa eneo kwa takriban dola mbili na nusu, na bei za bidhaa hazikupanda kwa maana. Hata jirani asiyepewa kitu alifaidika, kwa kuwa maduka na mafundi walipata wateja.

Sasa mvuvi wetu akishika pesa, ataenda kijiji cha Matondoni hapa Lamu kuundiwa mashua. Fundi atanunua mbao na misumari, atalipa vijana wa kutia kalafati, yaani kuziba mianya ya mbao. Boti ya faiba inayonunuliwa kwa zabuni huja ikiwa tayari, na Matondoni haiachi hata senti.

Nahodha wa Kusi:
Ndugu yangu, Siaya ni bara. Sisi maji ya karibu yamechafuka tangu kina kichimbwe kwa ajili ya bandari, na sasa samaki twawafuata nje ya miamba. Kusi likivuma, mtumbwi haufiki huko, na dau la tanga ni kujitafutia maafa. Gawa hiyo bilioni 1.76 kwa watu 4,600: ni kama 380,000 kwa kichwa. Hainunui chombo cha bahari kuu na mashine yake. Na vijana wengine watazimaliza kwenye starehe, tusifichane.

Mama Karanga:
Kaka Nahodha, hilo la starehe husemwa kila maskini anapotaka kulipwa. David Evans na Anna Popova wa Benki ya Dunia walizipitia tafiti 19 za nchi mbalimbali, wakakuta kwa jumla waliopewa pesa hawakuongeza matumizi ya pombe na tumbaku.

Langu ni jingine. Mimi hungoja vyombo ufuoni alfajiri, nikanunua, nikakaanga, nikauza. Siku vyombo vikirudi vitupu, karai langu halipandi jikoni. Ikiwa Siaya pesa ilimfikia jirani, basi huku hasara nayo ilimfikia jirani. Nani alituhesabu sisi tusio na nyavu?

Mkaazi wa Mkomani:
Dada, hoja yako ni nzito, na orodha ya fidia ingeanzia hapo. Lakini Nahodha, watu wa Siaya walipewa msaada. Hili letu ni deni, limeamuliwa na mahakama. Mkitaka chombo cha pamoja, mkishalipwa ni nani atakayewazuia kuchanga mkanunua? Na kikiletwa cha kupewa, cha watu kumi, mashine ikifa katikati ya msimu spea atanunua nani?