Kompresa moja kwa gitaa la umeme na gitaa kavu: Dyna Comp, CS-3 au Keeley?

Mpigasolo_TZ
Wakuu, habari za kazi. Nataka kompresa moja (pedali inayobana sauti kubwa ili ikaribiane na ndogo) ihudumie magitaa mawili. La kwanza ni la umeme lenye pikapu (vinasa sauti) za singo koili, yaani za koili moja, kwa solo na rithim za dansi. La pili ni gitaa kavu lenye pieso (kinasa mtetemo) kwenye daraja na priamp (kikuza sauti cha awali) ya betri ubavuni. Hilo huingia kwenye mixa kanisani. Nimebakiza tatu: MXR Dyna Comp, Boss CS-3 na Keeley Compressor Plus. Ipi inamudu yote mawili?

FundiSauti
Keeley, na kinachoipa ushindi ni nobu moja: Blend. Inachanganya sauti iliyobanwa na ile safi inayotoka kwenye gitaa. Gitaa kavu likibanwa lote bila sauti safi pembeni, mguso wa kidole kwenye uzi unapotea, linasikika kama limefunikwa blanketi.

Dyna Comp ina nobu mbili tu, Output (ukubwa wa sauti) na Sensitivity (kiasi cha kubana). Muda wa kubana na muda wa kuachia vimepangwa ndani ya saketi, huvigusi (toleo dogo, Mini, lina swichi ndogo ya ataki, yaani muda wa kubana). CS-3 ina Level (ukubwa wa sauti), Tone, Attack na Sustain (kiasi cha kubana), kwa hiyo unaweza kuruhusu kishindo cha piki kipite na kurudisha wembamba wa sauti kwa Tone, lakini sauti yote bado inapita kwenye kubanwa. Keeley imetoka ukoo uleule wa saketi za Dyna Comp na kompresa ya zamani ya Ross, ila ina Sustain, Level, Blend, Tone na swichi ya singo koili au hambaka (pikapu ya koili mbili) inayobadilisha kasi yake.

Kwa gitaa kavu anza na Blend katikati, Sustain ikielekea kushoto (kwenye namba 9 ya uso wa saa), halafu Level ipandishe mpaka kuwasha na kuzima pedali kusilete tofauti ya ukubwa wa sauti. Ukiacha iliyowashwa iwe kubwa zaidi, sikio litakudanganya kwamba ndiyo nzuri.

RithimKisumu
Nakubali kuhusu gitaa kavu. Kwa solo la umeme bado nasimama na Dyna Comp, na sababu ni hesabu. Sebene ya mapigo 130 kwa dakika, noti nne kwa kila pigo, inakupa kama milisekunde 115 kati ya noti na noti. Dyna Comp huachia polepole kuliko hapo. Maana yake noti ya kwanza inabanwa, na zinazofuata zinakuta mlango bado umeshikiliwa, zote zinatoka kwa ukubwa mmoja. Uzi mwembamba unaosikika dhaifu unakuwa sawa na wa tatu. Wengine wanaiita kasoro. Kwa benga na sebene ndiyo kazi yenyewe.

Sensitivity isipite katikati. Ukizidisha, kila ukinyamaza baina ya mistari pedali inapandisha kila kitu ilichokipata, mvumo wa pikapu ukiwemo.

GitaaKavu_Msa
Mkuu, kabla ya kuchagua pedali, angalia kinachotangulia pedali. Tumbo la gitaa kavu kubwa lina mvumo wake wa hewa karibu na Hz 100. Noti ya G kwenye uzi mnene, fret ya tatu, ni Hz 98. Ukiigusa, tumbo linajaa, kompresa inaona wimbi kubwa na kubana sauti nzima, pamoja na nyuzi nyembamba ambazo hazina kosa. Msikilizaji anasikia sauti ikizama na kuibuka kama inapumua.

Dawa ni kupunguza besi kabla ya kompresa. Tumia EQ (nobu za kupandisha na kushusha besi na masafa mengine) ya priamp ubavuni: shusha Bass kidogo, na kama kuna nobu ya masafa ipeleke kati ya Hz 100 na 200 uikate desibeli 3 au 4. EQ ya mixa haisaidii hapa kwa sababu iko nyuma ya kompresa.

Jambo la pili ni spika kulia, yaani kupiga mluzi. Kompresa ikibana kilele kwa desibeli 6 na wewe ukarudisha desibeli 6 kwa Level, gitaa likiwa kimya linapokea nyongeza yote hiyo. Nafasi uliyokuwa nayo kabla spika za jukwaani hazijaanza kulia imepungua kwa desibeli 6 zilezile. Kwa hiyo weka pedali kisha mwambie fundi mitambo apime monita upya, pedali ikiwa imewashwa. Tundu la sauti kifuani mwa gitaa lizibwe kwa kifuniko cha mpira ikibidi.

Na kama mixa ina kompresa kwenye chaneli, kwa gitaa kavu pekee ningetumia hiyo: uwiano 2:1 au 3:1 (desibeli 2 au 3 zinazovuka kiwango zitoke 1), ataki milisekunde 20 hadi 40, kuachia 100 hadi 200, mshale wa kubana usipite desibeli 3 hadi 5. Ukitumia pedali na chaneli kwa pamoja, moja ifanye kazi ndogo sana.

Mpigasolo_TZ
Asanteni sana. Maswali mawili: nobu ya Attack ya CS-3 nikiigeuza kulia inabana haraka zaidi au polepole? Na mvumo wa adapta nitautofautishaje na wa pikapu?

FundiSauti
Kwenye CS-3, kulia kishindo cha piki kinazidi kusikika. Usiibebe kanuni hiyo kwenye kila pedali. Zile zinazofuata kompresa ya studio ya 1176, kama MXR Studio Compressor, kwa desturi ya 1176 kulia ni kubana haraka, yaani kishindo kinapungua. Soma karatasi ya pedali husika.

Mvumo: kama pedali inakubali betri, weka ya volti 9 na uchomoe adapta. Ukikatika, adapta ndiyo mbaya. Mara nyingi ni ile nyepesi isiyochuja umeme vizuri, na huvuma Hz 100. Ukibaki, geuka na gitaa huku na huku. Ukipungua kwa kugeuka, ni singo koili zinanasa Hz 50 ya umeme wa jengo. Adapta iwe ya DC, hasi katikati.

GitaaKavu_Msa
Nyongeza kwa atakayesoma akiwa na pieso isiyo na priamp: usiichomeke kwenye pedali yenye ukinzani mdogo wa kuingilia. Pieso inataka megaohmu 1 au zaidi, vinginevyo besi inakatika na sauti inakuwa ya bati. Priamp kwanza, kompresa, kisha kiboksi cha DI (kinacholinganisha ishara ya gitaa na mixa) kwenda mixa.

Mpigasolo_TZ
Na la umeme, kompresa iwe wapi kwenye foleni?

RithimKisumu
Baada ya tuna (pedali ya kupimia noti), kabla ya overdrive (pedali ya kukwaruza sauti). Ikija nyuma ya overdrive inapandisha kelele zake zote. Fuzz (pedali ya mkwaruzo mzito) ya aina ya Fuzz Face ndiyo inayotangulia kompresa, kwa kuwa inataka kuonana na pikapu ana kwa ana. Koras, dilei na riverbu zifuate mwisho.