Ushauri: macho yote mawili yamefifia, retina safi, mgonjwa yuko kwenye dawa za TB

Lenzi_90D:
Wakuu, naomba mawazo. Mgonjwa ana miaka 58, kilo 47, yuko mwezi wa 4 wa dawa za TB. Kwa wiki 3 kuona kumeshuka, mbali na karibu, bila maumivu. Kila jicho linasoma 6/36 (kwa mita 6 linaona kile ambacho jicho zima huona kwa mita 36) na kadi ya tundu, inayosaidia pale ambapo miwani ingesaidia, haisaidii. Nilihamisha tochi jicho hadi jicho, mboni hazikuonyesha tofauti. Baada ya kupanua mboni: makula (katikati ya retina) safi, kisahani cha neva (mahali neva ya jicho inapoingia) kina rangi yake na kingo zinaonekana vizuri. Ana mtoto wa jicho mdogo pande zote. Je, nimpeleke kwenye operesheni ya mtoto wa jicho?

TochiMkononi:
Hapana, mkuu. Mtoto wa jicho mdogo hamshushi mtu hadi 6/36. Na hiyo tochi isikutulize: kipimo kile kinalinganisha jicho na jicho. Neva zikiumia sawasawa pande zote mbili hakuna tofauti ya kuonekana, kwa hiyo jibu lako linasema tu kwamba hakuna jicho lililozidi jingine.

Mpime rangi, kila jicho peke yake, akiwa na miwani yake ya kusomea. Kwenye kitabu cha Ishihara (cha kupima kuona rangi kwa namba za vidoti) ukurasa wa kwanza ni wa kila mtu, hata asiyeona rangi huusoma. Akiusoma huo akakwama kwenye inayofuata, rangi zimepotea kweli. Akishindwa hata huo, kuona kwake ni hafifu mno na kipimo hakikuambii kitu.

Mfamasia_Zamu:
Anameza vidonge gani, na vingapi?

Lenzi_90D:
Vya mchanganyiko, kila kimoja kina ethambutoli, mojawapo ya dawa za TB, miligramu 275. Vinne kwa siku. Ishihara: kila jicho limesoma ukurasa wa kwanza tu.

Mfamasia_Zamu:
Basi piga hesabu: 275 × 4 ni 1,100, gawanya kwa 47, unapata zaidi ya miligramu 23 kwa kilo. Kipimo cha kawaida cha kila siku ni 15 hadi 20. Kwa uzito huo vidonge ni 3, si 4. Halafu ethambutoli hutolewa na figo. Figo zikilegea dawa inajikusanya hata kwa dozi sahihi. Pima kreatinini (kipimo cha damu cha kazi ya figo) leo.

Dawa hii kwa kawaida huanza kudhuru neva baada ya miezi miwili au zaidi. Mwezi wa 4 umeingia humo kabisa.

TochiMkononi:
Kabla hujafunga mjadala, chukua kifuniko chekundu cha chupa ya dawa ya kupanua mboni. Ziba jicho moja, mwambie akutazame puani, kilete kifuniko katikati kisha kisogeze pembeni. Wekundu ukipauka katikati na kukolea pembeni, kuna doa la kiza katikati, na hilo ndilo la kawaida kwa dawa hii. Ukipotea upande wa masikio kwa macho yote mawili, ethambutoli inaweza kufanya hivyo pia, lakini usiilaumu kabla ya MRI (picha ya ubongo kwa sumaku): uvimbe unaobana makutano ya neva za macho hutoa picha ileile.

Kutenganisha neva na makula kuna njia rahisi. Mmulike jicho moja kwa sekunde 10, uhesabu muda hadi arudie mstari aliokuwa akiusoma. Makula mbovu huchelewa sana, zaidi ya dakika. Neva mbovu hurudi kwa muda wa kawaida. Kisahani kuwa na rangi nzuri wiki hizi hakuna maana, weupe wa upande wa nje huja baadaye. Ukipata OCT (picha ya matabaka ya retina), angalia tabaka la seli za ganglioni, ambazo nyuzi zake ndizo neva ya jicho, maana tabaka la nyuzi linaweza kuwa la kawaida bado.

Lenzi_90D:
Katikati ndiko kulikopauka, pande zote. Nimwambie aache dawa?

Mfamasia_Zamu:
Asiache zote! Zungumza leo hii na daktari wake wa TB. Ethambutoli ndiyo inayotoka, na kwa kuwa imo ndani ya kidonge, lazima apewe mchanganyiko usio nayo. Kupunguza idadi ya vidonge kutapunguza na rifampisini na isoniazidi, dawa nyingine za TB zilizomo. Steroidi hazina kazi hapa. Vitamini B6 ni kwa ajili ya isoniazidi, haiponyi neva hii, ila akikosa mpatie. Pima B12, muulize tumbaku na pombe, kwa sababu vyote huharibu sehemu ileile.

TochiMkononi:
Mweleze wazi kwamba kuona kunaweza kushuka kidogo tena hata baada ya dawa kutoka, ndipo kupande taratibu kwa wiki na miezi, na wengine hawarudi kabisa. Usimuahidi. Kama wiki 6 baadaye hakuna dalili ya nafuu, isoniazidi nayo iulizwe, kwa uamuzi wa daktari wa TB. Na akija na kichwa kuuma, kutapika au kuona vitu viwili, angalia kisahani siku hiyohiyo: kikivimba, fikiria TB ya ubongo.

Kila mwezi andika namba za kila jicho, kurasa za Ishihara na eneo lililopauka. Miwani isubiri namba zitulie.