Kigoma: Shule inachukua hela ya uji, halafu inawauzia watoto wetu soda

Wakuu salaam. Nimekaa na jambo hili wiki nzima, sasa limenifika hapa kooni.

Nipo Kigoma mjini. Nina watoto wawili wanaosoma shule moja ya msingi. Binti yangu ana miaka 12, kilo 61, wenzake wanamwita Bonge mpaka siku hizi anajificha chooni wakati wa mchakamchaka. Mwingine ni wa marehemu kaka yangu, nilimchukua kijijini huko Kasulu akiwa na miaka saba. Ana miaka 13 sasa, lakini ukimkuta njiani utadhani ni wa darasa la tatu. Majirani wananisema kwamba mtoto wa kuzaa nanenepesha, wa marehemu namnyima. Wallahi sufuria ni moja! Ugali wa muhogo, maharage, dagaa tukipata, wote wanachovya bakuli moja.

Jumanne nikaenda shuleni saa nne, mapumziko, bila taarifa. Uji ulikuwa kwenye ndoo mbili za plastiki. Sembe nyeupe na maji, basi. Hauna karanga wala maziwa, hata sukari ya kuonja hamna. Ulikuwa mwepesi kiasi kwamba kwenye kikombe cha yule mwanangu wa kaka niliona mchoro wa ua uliochorwa chini kabisa ndani ya kikombe. Akaumaliza kwa mikupuo miwili, akalamba ukingo, akarudi kwenye foleni. Akafukuzwa.

Hatua kama ishirini kutoka pale kuna dirisha la kantini. Soda, juisi za unga za rangi, biskuti, krispi, pipi, sambusa za viazi. Binti yangu nilimkuta hapo na skonzi mbili na soda ya nusu lita. Nauli ninayompa ndiyo anayonunulia, kisha anarudi kwa miguu. Soda ya ukubwa ule ina sukari gramu kama 50, sawa na vijiko vya chai 12. Shirika la Afya Duniani linasema sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu anayopata mtu kwa siku, na kwa mtu mzima wa kawaida hizo ni gramu 50. Mtu mzima, wakuu! Mtoto wangu anamaliza kipimo hicho kabla ya saa tano asubuhi.

Tunalipa 5,000 kwa mwezi kwa kila mtoto, mchango wa uji. Shule ina watoto kama 900. Hata wakilipa nusu tu, hiyo ni zaidi ya milioni mbili. Nikamuuliza mwalimu anayehusika, kwa adabu kabisa, mbona uji uko hivi na kwa nini kantini iko ndani ya geti. Akanijibu: "Mama, kodi ya kantini ndiyo inamlipa mlinzi." Kwa hiyo mlinzi analipwa kwa afya ya binti yangu.

Na hapa ndipo panaponiuma zaidi. Tuko Kigoma! Watu wa Dar wanaagiza dagaa wetu kwa mabasi. Mawese yetu mekundu yamejaa vitamini A, michikichi imetuzunguka. Dagaa anatafunwa na mifupa yake, ni protini na madini ya chokaa kwa mkupuo mmoja. Kijiko cha mawese na konzi ya unga wa karanga kwenye ule uji vingegharimu kiasi gani?

Nikawapeleka wote wawili kwenye kituo cha afya. Binti akapandishwa mzani, muuguzi akanipongeza, eti mtoto ana afya. Urefu hakupima. Uzito wa mtoto wa umri huo unalinganishwa na urefu, umri na jinsia, hausomwi peke yake. Kuhusu yule wa kaka, muuguzi akaniambia ufupi ni wa ukoo, labda kwenu ni wafupi. Kaka yangu alikuwa anainama kupita mlangoni kwangu.

Udumavu, yaani mtoto kuwa mfupi kuliko umri wake, kwa walio chini ya miaka mitano nchini ulikuwa asilimia 34 mwaka 2015/16, ukashuka hadi 30 mwaka 2022. Kazi imefanyika, sibishi. Halmashauri zinatakiwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa umri huo, jambo jema. Ila akishatimiza miaka mitano kadi ya kliniki inafungiwa kabatini na hakuna anayemwangalia tena. UNICEF walitangaza mwaka 2025 kwamba duniani, kwa umri wa miaka 5 hadi 19, wenye unene uliopitiliza sasa wamewazidi wenye uzito pungufu. Mimi ninao wote wawili chumba kimoja, na wote wawili wana utapiamlo. Huyu mnene ukifunua kope zake ni nyeupe, damu hana.

Wenye watoto pale mnaijua shule, jina lake silitaji. Kikao cha wazazi ni Jumamosi saa tatu. Nataka daftari la mapato ya uji lisomwe mbele yetu na kantini itoke. Uji wa Ijumaa nitauchota kwenye chupa ya maji nije nao mezani. Nani anakuja?