Mabano ya .dir-locals.el: je, kuna namna ya kuyaandika yakasomeka?

mabano_mengi:
Ndugu watumiaji wa kihariri cha Emacs, nina saraka ya mradi wa Python ambamo mistari haipaswi kuzidi herufi 88. Faili la mipangilio ya saraka, `.dir-locals.el`, nimeliandika hivi:

```
((python-mode . ((fill-column . 88)
                 (indent-tabs-mode . nil))))
```

Linafanya kazi, lakini kila ninapolirudia baada ya wiki kadhaa ninashindwa kueleza kwa nini nukta moja inafuatwa na mabano mawili na nyingine inafuatwa na namba tupu. Juzi nilibakiza `fill-column` (upana wa mstari) peke yake, nikaondoa jozi moja ya mabano nikidhani imekwisha kazi, na mipangilio yote ikagoma. Je, ipo sintaksia iliyo wazi zaidi?

jozi_na_orodha:
Ipo, na hauhitaji kusakinisha chochote. Katika Lisp, lugha ya programu inayotumiwa na Emacs, nukta huunganisha vitu viwili kuwa jozi, na orodha yenyewe ni mnyororo wa jozi za namna hiyo; kwa hiyo nukta inayofuatwa papo hapo na bano la kufungua inaweza kuondolewa pamoja na bano hilo na mwenzake wa kufunga, na Emacs itasoma kitu kile kile:

```
((python-mode
  (fill-column . 88)
  (indent-tabs-mode . nil)))
```

Sasa kila mstari ni jina, nukta, thamani, basi. Kosa lako la juzi nalo linaonekana: `(python-mode . (fill-column . 88))` ni sawasawa na `(python-mode fill-column . 88)`, yaani mahali ambapo Emacs ilitarajia kukuta jozi imekuta jina tupu. Binafsi naona mwongozo rasmi, kwa kushikilia mtindo wa nukta, umewatesa watu bila sababu.

mhariri_wa_usiku:
Naunga mkono, ila kwa tahadhari moja. Ukitumia amri ya `add-dir-local-variable`, inayokuongezea kigezo katika faili hili, Emacs hulisoma faili kama data na kuliandika upya kwa mtindo wa nukta, kwa hiyo mpangilio wako mzuri utapotea pamoja na maelezo uliyoyaweka ndani ya orodha. Mimi huhariri kwa mkono.

Kama wenzako katika mradi wanatumia vihariri vingine, fikiria pia `.editorconfig`, faili la mipangilio linaloeleweka na vihariri vingi, ambalo Emacs inalielewa bila kifurushi cha ziada tangu toleo la 30, ukishawasha `editorconfig-mode`:

```
[*.py]
indent_style = space
indent_size = 4
max_line_length = 88
```

Inasomeka hata na asiyejua Lisp. Hata hivyo, haitakusaidia kuweka `compile-command` (amri ya kujenga au kujaribu mradi) wala kigezo kingine kilicho cha Emacs pekee.

mabano_mengi:
Nashukuru, nimeondoa nukta ya `python-mode` na mambo yako sawa. Nilipoongeza `compile-command`, hata hivyo, Emacs ilikataa thamani yangu, `'"make test"`.

jozi_na_orodha:
Ondoa hiyo alama ya nukuu moja iliyotangulia. Thamani za faili hili hazikokotolewi, huchukuliwa kama zilivyoandikwa, kwa hiyo kigezo chako kilipewa orodha yenye neno `quote` badala ya matini. Ukishahifadhi, funga faili la Python ulifungue tena, kwa kuwa mipangilio husomwa wakati wa kufungua.