Tupeane uzoefu: wenye blogu, ni nini kilichofanya yako isife?

MamaVifaranga (mleta mada)

Habari za jioni wakuu. Nina blogu ya kuku wa kienyeji, inaelekea mwaka wa sita sasa. Miezi minane ya mwanzo nilikuwa najisomea mwenyewe. Takwimu zinaonyesha watu wanne kwa siku, na wawili kati yao ni mimi: simu yangu na laptop yangu. Nilikuwa naandika kama niko kwenye mtihani, "Umuhimu wa Chanjo katika Ufugaji wa Kuku", halafu naanza na "Kuku ni ndege mwenye manufaa mengi kwa binadamu". Nani hajui?

Usiku mmoja jirani akanipigia, hata salamu hakuna: "Dada, kuku wanaharisha kijani, mmoja shingo imepinda, nifanyeje?" Nikamjibu, tukakata simu, nikakaa nikaiandika ile simu kama ilivyo. Kichwa cha makala kikawa maneno yake yeye. Jibu nikaliweka mstari wa kwanza: huenda ni kideri, wengine mnaita mdondo, dawa ya kuutibu haipo, watenge wazima, muite mtaalamu wa mifugo, na usiuze wala kugawa wagonjwa. Chini kabisa ndiyo nikaweka ratiba, chanjo siku ya 7, kurudia siku ya 21, kisha kila baada ya miezi 3.

Mpaka leo makala ile inaleta wasomaji wengi kuliko yoyote niliyowahi kuandika. Tangu hapo nina daftari la kunakili maswali ya watu jinsi wanavyoyauliza, na makosa yao ya kuandika humo humo. Mwenye kuku anayekufa hatafuti "umuhimu" mtandaoni, anatafuta "kijani".

Haya, nanyi mwageni. Sitaki nadharia, nataka yaliyokukuta.

mzee_wa_2006

Jina linajieleza. Nilianza enzi za wanablogu wa mwanzo wa Kiswahili, Ndesanjo Macha na blogu yake ya Jikomboe, na Issa Michuzi akipandisha picha kutwa kwenye yake. Kwetu wilayani ilikuwa intaneti kafe, unalipia kwa saa, kwa hiyo nilikuwa naandika kwanza kwenye daftari nyumbani, nikifika nachapa tu mbio mbio. Kila makala nilikuwa nimeshaisoma mara mbili tatu kabla haijapanda. Sasa nina bando la mwezi na ndiyo naboronga zaidi.

Nilikuwa natoa habari za wilaya. Kanuni za maudhui ya mtandaoni hapa Tanzania zilipokuja 2018, ada ya maombi shilingi 100,000, leseni 1,000,000, na blogu ilikuwa haijawahi kunipa hata nauli ya kwenda mjini. Nikafunga. Zimeshafanyiwa marekebisho zaidi ya mara moja, kwa hiyo kijana anayetaka kutoa habari akasome za sasa, asibebe hizi tarakimu zangu. Nilirudi na picha za zamani na historia ya mitaa. Wasomaji ni wachache, ila wazee wenzangu wananisahihisha majina ya waliomo pichani, na hilo limeniweka hai kuliko pesa.

jina_limeibwa

Langu fupi maana bado linauma. Aliyenitengenezea blogu alisajili jina (ile anwani ya blogu mtandaoni, inayolipiwa kwa muda) kwa imeili yake. Tukakosana kwa shilingi 40,000. Muda wa jina ulipoisha taarifa zikaenda kwake, mimi nimejua siku naifungua nakutana na tangazo la kubeti. Makala za miaka mitatu! Nilizookoa ni zile nilizokuwa nimemtumia shemeji kwa WhatsApp. Jina sajili kwa imeili yako, nywila iwe kwako, nakala ya kila kitu pakua kila mwezi.

Fundi_Simu_Kona

Pole sana mkuu. Mimi nilijimaliza mwenyewe. Matangazo ya Google yalipokubaliwa kwenye blogu yangu nikaona senti zinapanda, tamaa ikanishika, nikawaomba wenzangu hosteli waniklikie hayo matangazo. Vijana kumi na mbili, Wi-Fi moja. Siku ya tatu akaunti imefungwa, na nilikuwa nakaribia dola 100 za kuanza kulipwa. Nikakata rufaa, wakakataa. Ningekuwa mimi ni wao ningekataa pia.

Lakini makala hazikupotea. Nina moja inaonyesha kubadilisha sistimu chaji ya simu (pale unapochomeka chaja), picha kwa picha, mpaka waya wa kulehemu unavyoshikwa. Nilidhani nagawa ugali wangu bure. Kumbe mtu anaisoma, anafika picha ya tano, anaona hii kazi siyo yangu, anafunga safari na simu mfukoni. Namba ya duka iko pale juu. Wateja wa aina hii hata bei hawasumbui, wameshaona jasho.

Bi_Iliki

Salaam kutoka Mombasa. Yangu ni mapishi. Nilikuwa naandika "vikombe vitatu vya unga" na naona nimemaliza kazi. Kuna dada yuko Muscat akaniandikia, mahamri yake ni mawe, amejaribu mara tatu na mume ameanza kumcheka. Nikamuuliza kikombe chako kikoje? Akanitumia picha: bilauri kubwa hasa. Changu ni kikombe cha chai cha mama, kina ufa, kimebaki peke yake katika seti. Huyu maskini alikuwa anazidisha unga karibu mara moja na nusu, kwa tui lile lile.

Nikanunua mizani ya jikoni, nikarudia mapishi yote niliyokwisha kuyaandika, moja moja, nikipima. Ilinichukua Ramadhani nzima na watu wa nyumbani walichoka kula. Ila maswali ya "mbona langu halikutoka" yamepungua sana, na yule dada sasa ndiye ananisahihishia makosa.

MamaVifaranga

Bi Iliki, hapa nimecheka mpaka vifaranga wameamka. Samahani natoka nje ya mada: hayo mahamri gramu ngapi?

Bi_Iliki

Unga 500, sukari 100, hamira ya chenga 7, iliki uitwange mwenyewe. Tui vuguvugu mililita 250, lakini usilimimine lote kwa pamoja, unga mwingine hunywa kidogo. Ukande mpaka usishike vidole. Na usikate kabla haujaumuka, najua utataka.