Kuhama Python 2.7: vyote usiku mmoja, seva kwanza, au JSON kwanza?

DepoIbanda · Bukavu
Jambo wandugu. Depo yetu ya dawa ina seva hapa Ibanda na klaienti sita (mashine zinazoungana nayo): nne Kadutu, mbili Bagira. Skripti zote ni za lugha ya programu Python 2.7, zinatumiana hesabu ya dawa kwa pickle (njia ya Python ya kufunga data ili itumwe) kupitia soketi, yaani muunganisho wa mtandao. Python 2 haihudumiwi tangu 1 Januari 2020, na seva mpya tuliyonunua ina Debian 12, Linux yenye Python 3.11, ambayo haina 2.7 kabisa. Klaienti tatu bado ni Windows 7. Nihamishe vyote kwenda Python 3 usiku mmoja, au seva kwanza?

FundiKamalondo · Lubumbashi
Usiku mmoja usithubutu, dada. Nilifanya hivyo kwenye duka la vipuri hapa kwetu. Saa saba umeme ukakatika. Asubuhi seva mpya, kaunta mbili za zamani, na watu wamepanga foleni. Anza na seva. Itaelewana na klaienti za 2.7 ukiandika `pickle.dumps(data, protocol=2)`, maana 2.7 haijui protokali (toleo la muundo wa pickle) ya juu zaidi, na 3.11 usipoiambia hutumia ya 4.

MwanaBirere · Goma
Kuhusu usiku mmoja kaka amesema kweli. Pickle ndiyo naipinga. Maandishi ya 2.7 yenye é yakifika Python 3 hayafunguki, `loads`, inayofungua pickle, huyachukulia kuwa ASCII (herufi zisizo na alama kama é) mpaka utaje `encoding`. Kubwa zaidi: anayefika kwenye poti ya seva anaweza kutuma pickle inayoendesha amri humo ndani. Hizo ni dawa za watu!

Mimi ningebadilisha kwanza lugha wanayoongea, Python baadaye. Moduli ya `json`, inayoandika data kama maandishi ya kawaida, imo tayari ndani ya 2.7. Seva ya zamani ikiwa bado hai, hamishia pande zote JSON ya UTF-8 (usimbaji unaobeba hata é). Baada ya hapo hamisha mashine yoyote, siku yoyote.

FundiKamalondo
Hiyo ni kazi mara mbili.

MwanaBirere
Mara mbili, ndiyo, ila kila hatua ni ndogo na unaweza kurudi nyuma.

DepoIbanda
Nimejaribu JSON, klaienti moja ya Python 3 na seva mpya. Kila ujumbe unatanguliwa na urefu wake. "Paracetamol" inapita, "Paracétamol" inaharibu ujumbe unaofuata. Na 2to3, chombo cha kugeuza skripti za Python 2 kuwa za 3, itanisaidia?

MwanaBirere
Unapima herufi badala ya baiti. Paracétamol ina herufi 11, lakini kwa UTF-8 ni baiti 12. Ile moja inabaki kwenye soketi na kuchafua ujumbe wa nyuma yake. Fanya `encode` (geuza maandishi kuwa baiti) kwanza, ndipo upime urefu kwa `len`. Tena `recv`, inayosoma soketi, haiahidi ujumbe mzima. Rudia kusoma mpaka baiti zitimie.

2to3 itarekebisha `print`, `raw_input`, `urllib2`. Haiwezi kujua lipi ni maandishi na lipi ni baiti, wala haigusi kugawanya: 7/2 ilikuwa 3, sasa ni 3.5. Kwenye katoni weka `//`.

FundiKamalondo
Kwa hesabu hiyo ya baiti nimekubali, JSON kwanza. Windows 7 mwisho wake ni Python 3.8, nayo iliacha kuhudumiwa Oktoba 2024. Itaongea na 3.11 bila shida, lakini mashine hizo ziwekee Linux nyepesi.

DepoIbanda
Asanti sana, Paracétamol imepita! Jumapili naanza na mbili za Bagira. Seva ya zamani naiacha ikiwaka mpaka Kadutu nao wamalize.